Kutembea Usambara kijiji kwa kijiji ukiwa na goti linalosumbua

SWALI: "Habari za kazi, kaka. Nina miaka 52, naishi Dar es Salaam, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Binti yangu anamaliza chuo mwaka huu. Tumepanga tutoke wawili, siku nne za Pasaka, twende Lushoto tutembee kwa miguu mpaka Mtae huku tukilala kwa wanakijiji. Nataka aone maisha ya asili ya milimani kabla hayajapotea: nyumba za msonge, chakula cha kienyeji, watu wanaoishi kama zamani. Shida yangu ni goti la kulia. Huuma nikishuka ngazi, nikipanda haliumi. Pia natumia dawa za presha. Wenzangu ofisini wananitisha kwamba kule ni juu sana, nitakosa pumzi, kwa hiyo nimeanza mashine ya kutembelea gym na nimeiinua iwe kama mlima. La mwisho: sisi ni Watanzania, Kiswahili tunacho, kwa nini tulipe mwongozaji? Na kumlipa mtu aliyekulaza nyumbani kwake, mbona naona kama ni kumvunjia heshima? Kwetu mgeni halipi."

JIBU: Dada yangu, hofu umeiweka kwenye pumzi, na pumzi ndiyo itakayokusumbua kidogo kuliko yote uliyoyataja. Yanayohitaji kufikiriwa vizuri ni goti, Pasaka, na hizo siku nne. Safari yenyewe inawezekana, na kwa umri wako inawezekana sana. Nimewahi kuwaongoza watu wazima kuliko wewe kwenye njia hizo hizo, wakafika wakicheka. Ila kama ulivyoipanga sasa hivi, nakuona siku ya tatu umekaa juu ya jiwe pembeni ya njia, umelishika goti kwa mikono miwili, na binti anatafuta bodaboda kwenye simu isiyo na mtandao.

Tuanze na urefu wa milima ili tuumalize. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya juu vya Usambara Magharibi, upande wa msitu wa Magamba, vinakaribia mita 2,300. Ugonjwa wa mwinuko unaowaangusha wapandaji wa Kilimanjaro kwa kawaida huanza kuwa tatizo mtu akipita mita 2,500. Huku hamfiki huko. Utahema, ndiyo, kwa sababu njia inapanda na mwili haujazoea, na dawa yake ni mwendo. Ukiona huwezi kumwambia binti yako sentensi nzima bila kukata pumzi, mnakwenda haraka mno. Punguzeni, hata ikibidi mtembee kama bibi arusi. Baridi ndiyo mjiandae nayo: sweta zito na koti la mvua, kwa sababu ukungu wa Magamba unaweza kuwakuta saa sita mchana mkiwa mmevaa fulana.

Sasa goti. Umesema linauma ukishuka na haliumi ukipanda, na maneno hayo yanaeleza karibu kila kitu ninachohitaji kujua. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, misuli ile ile hufanya kazi huku ikivutwa. Inaubeba uzito wako usianguke, hatua baada ya hatua, kama breki za lori la kabichi linaloteremka kona za Soni kwenda Mombo. Kazi ya kushikilia namna hiyo huichanachana nyuzi za misuli isiyoizoea, na wakati huo huo pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Paja likiwa na nguvu, mzigo unagawanyika. Paja likichoka, goti linabaki peke yake.

Tena maumivu ya misuli iliyoshuka sana hayaji siku ile ile. Jioni ya siku ya kwanza utajiona uko salama, utasema mbona nilikuwa naogopa bure. Yanakuja siku ya pili na ya tatu, na ndiyo siku ambazo njia ya Mtae inakuwa katikati na hakuna mji wa kukimbilia. Wageni wengi ninaowaona wakikwama, wamekwama kwa sababu hiyo. Mlima hauwashindi wakiupanda.

Na Usambara inashusha kuliko watu wanavyodhani. Huku hakuna mlima mmoja wa kupanda halafu basi. Ni migongo na mabonde, mgongo baada ya mgongo. Wazee wetu walijenga migongoni ili wakae mbali na homa za nyika na waone adui akija kutoka mbali. Ukisimama Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo mwembamba huku tambarare ya Mkomazi iko chini kabisa, utaelewa bila kuelezwa. Kwa hiyo kijiji kiko juu, mashamba yako ubavuni, maji yako bondeni, na kila safari, hata ya kwenda kumjulia hali jirani, ina mteremko ndani yake. Ukiongeza udongo mwekundu unaoteleza ukilowa, na majani makavu ya mikaratusi yanayoviringika chini ya kiatu hata kiangazi, unaona kwa nini goti linalolalamika kwenye ngazi za nyumbani halitanyamaza huku.

Mashine yako ya gym, hata ukiinua vipi, inaufundisha moyo na mapafu. Endelea nayo, ina faida kwa presha pia. Lakini breki haizifundishi. Fanya hivi: tafuta jengo la ghorofa nne au tano, panda kwa lifti, ushuke kwa ngazi. Anza kwa kushuka mara mbili au tatu tu, siku mbili kwa wiki, ukiweka mguu chini taratibu bila kujitupa, mkono mmoja ukiwa karibu na reli. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki sita mpaka nane. Mwili una tabia ya kutusaidia hapa: misuli iliyokwisha kuonja kazi ya kushuka hujikinga, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Maumivu madogo ya goti yanayoisha kabla ya asubuhi inayofuata ni ya kawaida. Yakibaki mpaka kesho yake, rudi nyuma hatua moja. Goti likivimba, acha kabisa mpaka lionwe na mtaalamu.

Ukiwa njiani, shika fimbo mbili, si moja. Sehemu ya uzito inahamia mikononi, na goti linaona tofauti hiyo tangu mteremko wa kwanza. Si lazima ununue za chuma; mwongozaji atakukatia za mti, mradi zikufike kifuani ili zikusaidie ukishuka. Hatua ziwe fupi. Panapokuwa wima, kata njia kwa kona kona kama wanavyofanya akina mama wenye mizigo. Waangalie wanavyoshuka: mzigo wa majani ya ng'ombe umewafunika mpaka huoni kichwa, unaona miguu tu chini ya furushi la kijani, na miguu hiyo hairuki hata mara moja. Inakanyaga karibu karibu, goti limekunjwa kidogo muda wote.

Jambo la dawa nalisema kwa msisitizo kwa sababu naliona kila mara. Goti likiuma, mkono wa Mtanzania unakwenda kwenye diklofenaki au ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa linakupa bila kukuuliza. Wewe unatumia dawa za presha. Dawa hizo za maumivu zinaweza kupandisha presha, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, katika mwili uliopungukiwa maji kwa jasho, zinaweza kuzidhuru figo. Muulize daktari wako kabla ya safari utumie nini badala yake, umtajie dawa zako kwa majina. Muulize pia kuhusu kizunguzungu unaposimama ghafla, kwa maana kutembea kutwa juani hushusha presha kwa watu wengine. Usiache dawa kwa sababu uko likizo. Na zikae kwenye begi lako dogo la mgongoni, zisiende na mizigo inayotangulia kwa bodaboda.

Pasaka sikushauri. Huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, na hayo ni masika. Milima inapendeza masika, sitakudanganya: kila kijito kina sauti, mahindi yamesimama, na mvua ikikatika mchana unaona mpaka mbali kabisa nyikani. Ila njia zinakuwa sabuni, barabara za udongo zinakwama magari, na anayeteleza na goti bovu hachagui aanguke vipi. Juni na Julai kunakauka, lakini ni baridi kali na ukungu unaoweza kukaa mpaka mchana, ufike Mtae usione nyika hata kidogo. Mimi ningechagua mwishoni mwa Agosti au Septemba. Binti atakuwa amemaliza mitihani, ardhi imeshika, na wewe utakuwa umepata muda wa kutosha wa ngazi zako. Chaguo la pili ni Januari na Februari, vuli ikishapita na masika bado, wakati plamu na mapeasi yamejaa sokoni. Angalia kalenda tu isigongane na Ramadhani. Wasambaa wengi ni Waislamu, na ingawa watakupikia bila kinyongo, si vizuri kumfanya mama aliyefunga asimame jikoni mchana kwa ajili yako. Na kama ni lazima iwe Pasaka, kaeni Lushoto, mtembee njia fupi za Irente na Magamba, mkirudi kitandani kila jioni. Mtae iacheni.

Sasa siku nne, na hapa nakuomba unisikilize kuliko kwingine. Lushoto hadi Mtae, kwa kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi, wengi huenda kwa siku tatu au nne, saa tano mpaka saba za kutembea kila siku. Fikiria kijiji kinavyokwenda wakati huo. Kabla ya saa moja asubuhi watu wazima wengi wameshatoka. Mama amekwenda kukata majani ya gwatemala yaliyopandwa kwenye kingo za shamba kushika udongo, kwa sababu ng'ombe wa maziwa huku wanafungiwa bandani na kuletewa chakula. Baba yuko bondeni anamwagilia kabichi au karoti. Mchana nyumbani wamebaki wazee na watoto wadogo. Kuanzia saa tisa, saa kumi, watu wanarudi, moto unawashwa, wanaanza kutembeleana, na maongezi yenyewe yanakuja usiku wakati maharage yanachemka. Wewe ukiwa umetembea saa saba, unaingia magharibi, unaoga maji ya ndoo, unakula huku unasinzia. Kesho yake saa mbili unaaga, na aliyekukaribisha yuko shamba tangu alfajiri, anaagwa kwa niaba. Umelala kwa watu, hujakaa nao.

Wewe umesema unataka binti aone maisha. Basi kilomita zipungue, usiku uongezeke mahali pamoja. Ombeni siku ya tano kama inawezekana. Ya kwanza mkishafika na kulala Lushoto, asubuhi tembeeni hadi Irente na kurudi. Njia ni ya taratibu, kule juu ya jabali mnaona nyika ya Mazinde chini ya miguu yenu, na goti litatoa taarifa yake mapema mkiwa bado karibu na mji. Ya pili pandeni gari mpaka Lukozi, mtembee kutoka pale kwenda upande wa Rangwi. Hapo lala usiku wa pili na wa tatu. Masista wa Rangwi wana malazi ya wageni, na mimi nasema wazi kwamba usiku mmoja kwa masista, wenye kitanda kizuri na maji ya moto, na mmoja kwa familia, ni mpango wa busara kwa mtu mwenye goti. Haupunguzi chochote. Siku ya nne mnatembea kuelekea Sunga na Mtae, mkijua kwamba barabara ya magari haiko mbali sana endapo utahitaji kupakiwa. Magari ya kushuka kutoka Mtae huondoka alfajiri sana, kwa hiyo ulizeni jioni ile ile na muweke nafasi.

Mkibaki na siku nne, kateni Irente au kateni Mtae, usiku mbili za kijiji kimoja msiziguse. Najua kukata Mtae kunauma. Ile ni sehemu nzuri kuliko zote ninazozijua, na nimezaliwa huku. Lakini mandhari utaiona tena ukija na gari siku nyingine.

Siku ile ya katikati fanyeni kazi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi liombeni siku ya pili. Mwambie mwenyeji wako jioni kwamba kesho mngependa kwenda naye anakokwenda. Atakataa kwanza, kwa adabu. Mrudie tena. Binti yako akishabeba furushi dogo la majani kutoka bondeni, akachekwa kidogo na wasichana wa rika lake, jioni yake atakaa jikoni kama mtu wa nyumbani na maswali yatatoka yenyewe, pande zote mbili. Kama siku ya gulio inakaribia, pangeni iwe ndani ya safari. Lushoto ni Jumapili, na dogo lake Alhamisi. Sunga ni Jumatano. Hapo mtaona plamu, viazi, mitumba, tumbaku ya ugoro na vyungu vya wafinyanzi wetu, ambao ni wanawake na kazi hiyo hurithishana kwa mama na binti.

Hili la msonge na kuishi kama zamani, nakuomba uliweke chini kabla hujapanda gari. Nyumba nyingi utakazolala zitakuwa za matofali na bati, pengine na sola juu ya paa, na bibi yako mwenyeji atatumiwa hela na mjukuu wake kwa simu mbele ya macho yako. Anayekuja akitafuta watu waliosimama mahali pamoja huondoka akidhani amedanganywa, na mbaya zaidi, huwafanya wenyeji waanze kumwigizia. Vijiji hivi havijawahi kusimama. Waingereza walipowalazimisha watu kuchimba matuta kwenye miaka ya 1950, Wasambaa waligoma mpaka mpango wenyewe ukaachwa. Leo utakuta matuta na kingo za majani kwenye mashamba mengi, kwa sababu wakulima waliona faida kwa masharti yao wenyewe. Cha zamani bado kipo: namna mfereji wa maji unavyogawanywa kwa zamu, namna msiba unavyobebwa na mtaa mzima, namna kijana anavyosimama pembeni ya njia mzee apite. Hivyo havionekani kwa anayepita. Anayekaa anaviona bila kuonyeshwa.

Kuhusu mwongozaji. Kiswahili kitakupa maongezi, njia hakikupi. Vijia vya huku havina vibao, vinagawanyika kila baada ya shamba, na mkulima akiamua kulima kipande kilichopita njia mwaka jana, njia imehamia kwingine. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, una kiingilio na taratibu zake. Mgeni anayelala kijijini anatakiwa ajulikane kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, na kazi hiyo ikifanywa na mtu anayefahamika inaisha kwa dakika mbili. Isipofanywa, usiku mtagongewa mlango. Wazee, hasa akina bibi, wanastarehe zaidi kwenye Kisambaa, na ukiwasikiliza kwa Kiswahili tu unapata nusu ya utamu. Lakini kwa mtu mwenye goti sababu kubwa ni moja: mwongozaji anajua bodaboda inafika wapi. Anajua ukikwama baada ya kijito hiki, dakika ishirini juu kuna njia ya pikipiki, na ana namba ya kijana wa kuja.

Kuna uangalifu mmoja. Stendi ya Lushoto mkishuka tu mtapata vishoka watakaowaambia wao ndio ofisi. Wasikilizeni kwa heshima, mpite. Utalii wa utamaduni ulipangwa rasmi katika wilaya hii tangu katikati ya miaka ya 1990, na vikundi vyenye ofisi, vitambulisho na risiti vipo. Nendeni ofisini, muulize mwongozaji ni nani na anatoka kijiji gani, mkubaliane kwa maandishi bei inajumuisha nini: kitanda, milo, kiingilio cha msitu, mchango wa kijiji. Semeni kwamba nyinyi ni Watanzania, maana viingilio vya serikali vya wananchi huwa tofauti na vya wageni wa nje. Na kabla ya yote mwelezeni goti. Mwongozaji mzuri atabadilisha njia hapo hapo mkiwa mmekaa. Anayekwambia "hamna shida mama, utaweza" bila kuuliza swali lolote, tafuteni mwingine.

Umeuliza malipo kwa uchungu wa mtu aliyelelewa vizuri, na nakuheshimu kwa hilo. Kwetu pia mgeni halipi. Lakini mgeni wa desturi ni shangazi, ni rafiki wa baba, ni mtu ambaye kesho na wewe utakwenda kwake ulale, ule. Deni linazunguka. Hata ukirudi wewe, mwenyeji wako hatakuja Dar kudai chai yake. Wakati huo huo amepoteza nusu siku ya shamba, ametumia kuni zilizobebwa kichwani na maji yaliyopandishwa kutoka bondeni, na pengine watoto wamehamishwa kitanda. Malipo yanasimama mahali pa ile zamu ambayo haitakuja. Kinachovunja heshima ni namna. Bei ijulikane kabla kupitia kwa mwongozaji ili msijadiliane pesa sebuleni. Sehemu ya chakula na malazi ifike mkononi kwa mama aliyepika na kufagia, maana nimeona mara nyingi inaishia kwa mwanaume aliyepokea mizigo. Halafu, kama ungekwenda kwa shangazi, beba sukari, majani ya chai na sabuni, umkabidhi siku ya kwanza kwa mikono miwili. Hayo ni yako, hayahesabiwi kwenye bei. Nguo kuukuu usibebe. Pipi na hela za kugawia watoto njiani usibebe kabisa, zimeshaharibu njia nyingine. Picha piga baada ya kuomba, na usiku wa pili zaidi ya wa kwanza.

Chakula hakitakusumbua: ugali, maharage, viazi, ndizi, mboga za majani, chai ya maziwa. Ukikaribishwa pombe ya miwa na hunywi, sema tu hunywi, hakuna atakayenuna. Maji ndiyo ya kuangalia. Watu hubeba vidonge vya klorini wakajiona wamemaliza, na kwa vijidudu vingi wamemaliza kweli. Lakini mabonde yetu yanalimwa nyanya na kabichi, na mboga hizo zinapigwa dawa sana. Klorini haitoi dawa ya nyanya kwenye maji, wala kuchemsha hakuitoi. Msichote kwenye kijito kilicho chini ya mashamba, hata kiwe cheupe namna gani. Chukueni maji ya chemchemi iliyo juu ya mashamba, au yale anayokunywa mwenyeji, yachemshwe, au mnunue madukani vijijini. Nyanya na karoti za kutafuna njiani zioshwe vizuri.

Kulala, chagueni kitanda chenye chandarua kuliko godoro la sakafuni, na mwenyeji akitaka kukupa kitanda chake usibishane sana. Lushoto iliwahi kusumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini, na ugonjwa ule huletwa na viroboto wa panya. Sikutajii hilo kukutisha. Nataka ujue tu kwa nini wenyeji makini huinua vitanda na kuhifadhi nafaka mbali na chumba cha kulala. Malaria juu huku ni kidogo kuliko pwani, ila mnapita Mombo, chini ya milima kwenye joto, na nyinyi mnatoka Dar. Mkirudi, mmoja wenu akipata homa ndani ya wiki chache, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe, aseme alilala wapi, na kama kuna tezi iliyovimba kwenye kinena au kwapa, ambayo ni dalili ya tauni, aseme bila kuulizwa.

Na goti lako lionwe kabla hujalipa chochote. Pengine si kitu kikubwa, kwani maumivu ya kushuka ngazi mara nyingi ni ya pia ya goti na hutulia kwa mazoezi. Lakini mtu anayejibu kwa maandishi kama mimi hawezi kulishika akalikunja. Kama linavimba, kama linakwama katikati usiweze kulinyoosha, kama huwa linaacha kukubeba ghafla, au linauma usiku ukiwa umelala, hizo ngazi za ghorofani usizianze mpaka daktari wa mifupa au mfiziotherapia amelipima kwa mikono yake. Mwambie hivi: nataka kushuka milima saa nne kwa siku, siku mbili tofauti, nikiwa na fimbo mbili na mzigo mdogo. Akikuruhusu, anza wiki hiyo hiyo, na umchukue binti mshuke naye, kwa sababu paja lake la miaka ishirini na kitu nalo halijawahi kufundishwa breki.